Unga wa Dakta Alawiya

Nyumba ya marehemu Mzee Bakr pale Siyu, kisiwani Pate, ilikuwa na mabinti wawili, mmoja akioka mikate na mwenziwe akingoja ioze. Mwokaji alikuwa Fahima, mjane, ambaye mikate yake ya mofa iliagizwa hadi Kizingitini na Ndau. Mngojaji alikuwa dadake mkubwa, Alawiya, daktari. Lakini si daktari wa kudunga watu sindano. Alikuwa daktari wa kuvu.

Jambo hilo liliwachukua watu wa Siyu muda kulielewa, na wako ambao hawajalielewa hadi leo. Binti ametoka kisiwani, amesoma Nairobi, amekaa Ulaya miaka tisa kwenye baridi, na arudipo nyumbani aseme amesomea ukungu! Ule ule unaoota kwenye viatu msimu wa mvua. Mzee Bakr alimwambia siku ile ile aliyotua, hata chai hajamaliza, "Mwanangu, si ungesomea kitu adimu? Ukungu hapa twauona bure."

Fahima naye alikuwa na malalamiko yake. Friji ya nyumba ilikuwa moja. Rafu za juu zilijaa visahani vya kioo vya Dada, kila kimoja kina karatasi yenye jina refu la Kilatini, na ndani yake manyoya ya kijani, ya manjano, mengine meusi kama masizi. Samaki wa Fahima walibanana chini. Kuna mgeni aliyewahi kufungua friji mwenyewe kutafuta maji, akaona kisahani, nusura atie kijiko akidhani ni halua.

"Siku moja utatuua sote," Fahima alimwambia dadake.

"Haya hayaui," alijibu Alawiya bila kuinua kichwa. "Yanayoua yako ghalani kwa watu."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa boriti. Alizunguka nyumba kongwe za Lamu mjini, akapanda ngazi, akachokoa boriti za mikoko kwa kisu kidogo, na wenye nyumba wakamwangalia kama mtu aliyetumwa kukagua uchafu wao. Huko akaipata kuvu moja ambayo haikuwa kwenye kitabu chochote. Profesa mmoja wa Ulaya akaja kuiona. Alilala Siyu siku mbili, tumbo likamsumbua, akaondoka na chupa tatu. Mwaka uliofuata kuvu ile ikatangazwa duniani, nayo ikapewa jina la profesa. Fahima alipandwa na hasira kuliko mwenyewe. Alawiya aliisoma ile habari kwenye jarida lake, akacheka mpaka miwani ikamtoka.

"Mwache," akasema. "Kila nyumba itakayooza, itaoza kwa jina lake."

Kazi yake kubwa hasa ilikuwa sumukuvu, ile sumu isiyo na harufu wala ladha ambayo kuvu huiacha ndani ya mahindi na njugu zilizoanikwa vibaya. Moto hauiondoi, maji hayaiondoi, bismillahi watu waliipiga na bado ilikuwa palepale, ikila maini ya watu polepole. Na sumukuvu ndiyo iliyomkosanisha na Bwana Ghassan.

Bwana Ghassan alikuwa tajiri wa Kizingitini. Alinunua kamba na samaki, akauza saruji, akawa na ghala na mashine ya kusaga. Mwaka mmoja wa ukame alileta shehena ya mahindi yaliyorowa baharini, akayakausha juu juu, akaipatia shule kwa chakula cha mchana cha watoto. Alawiya akapita na vipimo vyake. Jioni hiyo hiyo akawaambia walimu wasiyapike.

Ghassan alichemka. Alikaa barazani mbele ya watu akasema, "Mwanamke yule amekaa na kuvu mpaka imemmea kitwani." Na ili kuonyesha kuwa mahindi yake ni safi, akawamwagia kuku wake mwenyewe. Wiki haikwisha kuku ishirini na wanane wakafa. Ghassan akasema ni kijicho. Akafukiza udi ghalani, akaita watu wakasoma dua, wakala biriani, na umma ukamwamini. Kijicho walikuwa wakikijua tangu utotoni. Sumukuvu ndiyo kwanza walikuwa wakiisikia.

Aliyelipia ni Fahima. Neno lilienea kwamba mikate ya nyumba ile imechanganyika na madudu ya Bi Kuvu, na kwa siku arubaini hakuna aliyebisha hodi kununua mkate hata mmoja. Fahima alikaa mbele ya jiko lililopoa akalia.

"Dada, kwani ungenyamaza ungekufa?" akamuuliza. "Ulimi wako umenifungia jiko."

Alawiya alikuwa akiosha visahani. "Kuku ishirini na wanane, Fahima," akasema. "Shule ile ina watoto mia mbili na kumi." Akaendelea kuosha.

Walikaa miezi bila kusemezana ila kwa salamu. Fahima hakumsamehe upesi, na ukweli ni kwamba kuna kipande cha moyo wake ambacho hakikusamehe kabisa.

Alawiya hakugombana na mtu tena. Alianza kwenda kwa wanawake, shamba kwa shamba, kwa miguu na kwa mashua, akiwafundisha kuanika mahindi juu ya vichanja au turubali badala ya mchangani, kuchambua yaliyovunjika, na kuyafunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mwanzo walimcheka. Kisha wakajaribu. Baada ya miaka kumi ikawa kila ua una kichanja, na kila mtu anasema ndivyo walivyofanya wazee wetu tangu jadi. Siku moja alipofika Ndau, ajuza mmoja alimshika mkono akamfundisha namna ya kuanika mahindi juu ya kichanja, akimwonya kwamba siri ile ni ya ukoo wao. Alawiya alimshukuru, akaiandika yote daftarini.

Alifariki mwezi wa Rajabu, alasiri, akiwa na miaka sabini na miwili, miwani ikiwa bado machoni. Akazikwa, akasomewa khitma, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Hakukuwa na hotuba. Kisha, mwezi mmoja baadaye, gazeti moja la Nairobi likaandika nusu ukurasa kwamba mwanasayansi wa Siyu ambaye njia zake za kuhifadhi nafaka zinafuatwa katika nchi sita ameaga dunia.

Nusu ukurasa ule ulifanya kazi ambayo miaka arubaini haikuifanya. Watu waliokuwa wakivuka upande wa pili wa ndia wakimwona Alawiya sasa wakakumbuka kwamba walikuwa wakimpenda. Ikaundwa Kamati ya Kuuenzi Urithi wa Dakta Alawiya. Mwenyekiti alikuwa Bwana Ghassan.

Alikuja mwenyewe kumpa Fahima habari, amevaa kanzu mpya, nyuma yake katibu wa kamati, Abdulghafur, mwalimu mstaafu na mtunzi wa mashairi ya harusi.

"Nti sita, Bi Fahima!" alisema Abdulghafur. "Nti sita zimeenea sifa zetu!"

"Marehemu alikuwa dadangu," alisema Ghassan, mkono kifuani.

"Bwana Ghassan, wewe ulisema kuvu imemmea kitwani."

"Ndugu hutukanana," alijibu Ghassan, na hakupepesa jicho.

Kikao cha kwanza cha kamati kilijadili rangi ya fulana. Cha pili kilijadili fulana tena. Katika cha tatu mjumbe mmoja aliuliza kuvu ni nini hasa, na kwa kuwa muda ulikuwa umekwenda, swali likaahirishwa.

Waliloafikiana ni mambo mawili: hafla kubwa uwanja wa shule, na chumba cha kazi cha Alawiya kigeuzwe chumba cha kumbukumbu. Fahima alikuwa na safari ya Lamu, bintiye amejifungua. Akawaachia ufunguo wa nyumba, kwa sababu walimwambia wanataka kupima mlango tu ili watundike kibao.

Aliporudi baada ya wiki, nyumba ilinuka chokaa na klorini tangu ukumbini. Chumba cha Dada kilikuwa cheupe kama sanda. Kamati nzima ilikuwa imesimama inamngoja, imefurahi. Mezani vilipangwa visahani vyote mia nne na kumi na viwili, vimesuguliwa vikang'aa, na katika kila kimoja limewekwa waridi la plastiki.

"Ulikuwa umeachiwa balaa, Bi Fahima," alisema Ghassan. "Kila tulichofungua tumekuta kimeoza. Lakini alhamdulillahi, hakikusalia hata kimoja."

Fahima alikiinua kisahani kimoja, akakichungulia. Miaka thelathini ya maisha ya dadake, kuvu za boriti, za mahindi, za nyavu, za vitabu vya msikitini, zimekwenda na maji ya kufulia. Yeye aliyekuwa akizipigia kelele kila asubuhi aliketi kwenye kiti cha Alawiya, akajifunika uso kwa buibui, akalia kwa sauti. Kamati ikatazamana. Abdulghafur alinong'ona kwamba hayo ni machozi ya shukrani, na mtu akampiga picha.

Siku tano kabla ya hafla, Ghassan alirudi na mfuko wa unga wa mahindi. Mashine yake ilikuwa imeanza kutoa unga mpya, na kila mgeni wa hafla angepewa mfuko wa kwenda nao. Juu ya mfuko kulikuwa na maandishi makubwa: UNGA WA DAKTA ALAWIYA. Picha yake ilikuwa imetolewa kwenye kitambulisho, kwa hiyo alionekana kama mtu aliyekamatwa. Kando yake palichorwa uyoga mwekundu wenye madoa meupe, uyoga wa katuni, ambao haujapata kuota kisiwani Pate tangu kisiwa kuumbwa. Chini yake: UMEPIMWA. NI SALAMA.

"Umepimwa na nani?" aliuliza Fahima.

"Mashine. Kilo mbili kamili, haupungui hata chembe." Ghassan akatabasamu. "Nataka siku ile utuokee mofa za unga huu. Kwa mikono yako. Watu waone."

Alipoondoka, Fahima akaufungua. Alikuwa ameshika unga kila alfajiri kwa miaka arubaini; hakuhitaji Kilatini. Akachota kiganjani, akanusa. Kulikuwa na vundo kwa mbali, chini kabisa. Dada alikuwa akisema harufu si sumu, lakini ni hodi yake.

Vipimo vilikuwepo. Vilikuwa frijini, ndani ya kopo chini ya samaki, na kamati haikuwa na moyo wa kugusa samaki. Na Fahima alijua kuvitumia, kwa maana miaka mitatu ya mwisho, mato ya Alawiya yalipofifia hata kwa miwani, yeye ndiye aliyekuwa akimsomea. Unachanganya unga na dawa yake kwenye kikombe, unatikisa, unaacha utuame, unachovya kijikaratasi, unangoja dakika tano. Mistari miwili, unga ni salama. Mstari mmoja, sumu imepita kiasi.

Ulitoka mstari mmoja. Akarudia. Mmoja. Akachota kutoka chini ya mfuko, akarudia mara ya tatu, akaketi.

Akampelekea habari Kariuki, afisa wa afya, kijana wa Nyeri aliyekuwa kisiwani mwaka wa sita na ambaye Alawiya alikuwa amemfundisha yote aliyoyajua kuhusu nafaka. Kariuki alipima naye, akakuna kichwa.

"Bi Fahima, hii ni noma."

"Basi ufungie ghala."

"Siwezi kufunga ghala kwa kipimo cha jikoni. Naandika barua, sampuli inaenda Mombasa, majibu yanarudi. Siku kumi na nne za kazi."

"Na hafla ni Jumamosi."

"Jumamosi si siku ya kazi," alisema Kariuki kwa unyonge.

"Lakini umealikwa?"

"Nimealikwa."

"Njoo basi. Na vaa lile joho jeupe la kazini."

Usiku ule na uliofuata Fahima hakupata usingizi mzuri. Alijua vyema kitakachofuata. Alikuwa ameshakionja, siku arubaini, jiko baridi. Mara mbili aliamka na kujiambia kwamba yeye ni mwokaji tu, kwamba Mungu amewapa wakubwa kazi yao. Mara zote mbili alianza kuhesabu watoto wa jirani walioalikwa, na hakuweza kufika mwisho bila kuanza upya.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Palikuwa na turubali, viti vya plastiki, spika mbili kubwa zilizokoroma. Meza kuu ilikaliwa na kamati katika fulana za kijani. Mifuko ya unga ilipangwa kando kama ukuta, mia mbili, na kila mgeni aliyeingia alikabidhiwa wake. Abdulghafur alisimama akasoma shairi lake la beti arubaini, lote la vina vya -vu. Alianza na kuvu na nguvu, akapita wivu na mbavu, na kufika ubeti wa thelathini alikuwa amebakiwa na majivu na povu, akayatumia yote mawili mara tatu. Ghassan, akinywa chai ya maziwa, alihutubia kwa dakika hamsini jinsi yeye na marehemu walivyopambana na sumukuvu bega kwa bega.

Kisha wakamwita Fahima.

"Mimi si mtu wa hotuba," alisema. "Nataka niwaonyeshe tu kazi aliyokuwa akiifanya dada yangu. Wengi hamjaiona. Nitapima unga wangu, na nitapima huu wa Bwana Ghassan."

Ghassan alipiga makofi wa kwanza. Hakuna jambo ambalo lingemfurahisha zaidi. Akateremka mwenyewe, akapasua mfuko mbele ya watu, akaushika ili wapiga picha wapate. Fahima akatia, akatikisa, akachovya. Dakika tano za kungoja Ghassan alizijaza kwa maelezo, maana kipaza sauti hakikupata kumtoka mkononi.

Unga wa Fahima ulitoa mistari miwili. Wa Ghassan ulitoa mmoja. Ghassan akakinyakua kijikaratasi chake akakiinua juu.

"Mmoja!" akanguruma. "Mwaona? Namba moja!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Umi, jirani na rafiki wa Fahima tangu chuo cha Kurani, akapaza sauti kutoka nyuma, "Na yule wa miwili mwambieni hongera, ana mimba!" Watu wakaangua kicheko.

Fahima aliungoja ule mcheko uishe. Akanyoosha mkono, na Ghassan, akiwa katika furaha, akampa kipaza sauti.

"Miwili ni salama," alisema Fahima. "Mmoja ni sumu."

Spika tu zilikoroma.

"Kipimo kimeharibika!" alisema Ghassan, sasa bila kipaza sauti, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko watu walivyodhani.

"Huenda," alisema Fahima. "Kipimo ni kitu cha mzungu. Basi tuamue kwa chakula. Nimekuja na sufuria na jiko. Nisonge sima ya unga wako hapa hapa, ule wewe mbele yetu, na sisi tutakufuata."

Ghassan alitazama sufuria. Akatazama watu. Jasho lilimtoka chini ya kofia.

"Leo nimefunga," akasema.

Gilasi yake ya chai ilikuwa juu ya meza kuu, nusu.

Kisha kicheko kikaanza nyuma kwa wanawake, kikaja mbele kama wimbi. Kariuki akainuka katika joho lake jeupe. Alisema kwamba leo yeye ni mgeni tu na hana mamlaka ya kufunga chochote, lakini yeye, kama mgeni, mfuko wake anaurudisha. Akaupeleka akauweka miguuni pa Ghassan. Umi akaja na wake. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, hata mjumbe wa fulana za kijani aliyekuwa ameuficha wake chini ya kiti. Mifuko ikapanda mbele ya meza kuu mpaka mwenyekiti akaonekana kofia tu, na Dakta Alawiya mia mbili wakamtazama kwa ile sura ya kitambulisho.

Siku kumi na nne za kazi zilikuwa hamsini na tatu. Majibu yalipokuja yalikuwa yale yale. Unga ukafukiwa, mashine ikafungwa msimu mzima, na Ghassan akaenda Umra. Aliporudi alikuwa mtu mpya. Sasa ni mwenyekiti wa Kamati ya Kupambana na Sumukuvu. Ana fulana za buluu, na husema katika kila jukwaa kwamba yeye ndiye aliyefichua hatari ile kwa kuutoa unga wake mwenyewe upimwe mbele ya umma. Watu wanampigia makofi. Abdulghafur amemtungia beti.

Kuhusu zile kuvu, Kariuki aliandika Nairobi na Ulaya kuuliza. Ilionekana kwamba Alawiya alikuwa amepeleka nakala za aina sitini tu. Zilizosalia, zaidi ya mia tatu, hakuna mahali popote duniani zilipo, na nyingine hazikuwa zimepata hata jina. Siku majibu hayo yalipofika Fahima aliyang'oa yale maua ya plastiki, akavifunga visahani kwenye sanduku.

Chumba sasa hufunguliwa Alhamisi. Wanawake huja na mahindi kwenye makopo, wengine kutoka Kizingitini, wengine hulala ndiani kutoka Ndau, na Fahima huwapimia. Mikate bado anaoka. Wateja wamepungua kidogo, kwa kuwa kila Alhamisi mtu mmoja au wawili hurudi nyumbani wamekasirika.

Alhamisi iliyopita alikuja Umi. Alileta kopo la mahindi kutoka gunia la harusi ya mwanawe, wiki mbili mbele, na alikuja akicheka, akisalimia kila mtu kwenye foleni. Fahima akapima. Akakitazama kijikaratasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Rudia," alisema Umi.

Akarudia.

"Tena."

Akarudia tena. "Mmoja, Umi."

Umi alilichukua kopo lake. Hakuaga. Fahima alimfuata kwa macho hadi alipokata kona ya msikiti, akatamani kumwita, na hakujua angemwita amwambie nini. Kisha akafungua kipimo kingine, akauliza zamu ya nani.